Jeti ya Kwanza: Mwongozo kwa Wasiojihadhari

Mtu mzima anayeunda ndege za plastiki ukimwuliza habari za kazi, atakujibu kwa adabu na kunyamaza. Ukimwuliza siasa, atakuna kichwa. Lakini ukithubutu kumwuliza jeti yake ya kwanza ilikuwa ipi, umejitakia mwenyewe. Atavuta kiti. Atakutajia aina ya ndege, duka iliponunuliwa, mvua iliyonyesha siku ile na shangazi aliyetoa fedha. Atakupimia urefu wa bawa hewani kwa vidole viwili. Kisha, kwa fahari isiyofichika, atakueleza kuwa ndege ile ilipinda, ilijaa gundi, ilipakwa rangi iliyobaki kwenye mlango wa jikoni, na kwamba tangu hapo ameunda mamia zilizo bora kuliko hiyo, wala hakuna hata moja anayoikumbuka vile.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wa aina tatu. Wa kwanza ni yule anayefikiria kujinunulia boksi. Wa pili ni mzazi anayetaka kumnunulia mtoto. Wa tatu ni yule masikini aliyeketishwa karibu na mzee wa namna hiyo kwenye karamu, na chakula bado hakijaletwa. Wote watatu wajue jambo moja mapema: kumbukumbu tamu ya jeti ya kwanza haiuzwi pamoja na vipande. Hutengenezwa nyumbani, na hutengenezwa kwa kuharibu. Atakayeunda vizuri mara ya kwanza atabaki na ndege nzuri na hana la kusimulia. Basi fuata hatua hizi kwa makini, moja baada ya nyingine, na usijifanye mjuaji.

Kwanza, jua unaingia wapi

Asiyejihadhari hudhani huu ni mchezo mdogo wa watoto, uliozuka jana. Sivyo. Mwaka 1936 kampuni ya Kiingereza ya Frog ilianza kuuza modeli za ndege za plastiki za kuunga mwenyewe, kwa uwiano wa 1 kwa 72. Kwa kuwa modeli zao nyingine zilikuwa za kurushwa na hizi hazikuruka, waliziita Penguin. Huo ndio uungwana wa mwisho utakaoukuta katika biashara hii. Tangu hapo kila boksi limekuwa likikuahidi anga.

Airfix, jina ambalo wazee wengi wa Uingereza hulitaja kabla ya chai, ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, na ilianza kwa kutengeneza vitu vya kuchezea vya mpira wa kujazwa upepo. Baada ya vita ikahamia kwenye plastiki. Mwaka 1949 ikatoa modeli ya trekta ya Ferguson, iliyokusudiwa kuwasaidia mawakala kuuza trekta zenyewe. Mwaka 1952 ikatoa merikebu ya Golden Hind, ndani ya mfuko wa plastiki, katika maduka ya Woolworths, kwa shilingi mbili. Kisha ikaja Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza. Hapo milango ikafunguka, na watoto wa kiume wa nchi nzima wakawa na mahali pa kupeleka fedha yao ya peremende kila Jumamosi.

Huo uwiano wa 1 kwa 72 uelewe vizuri, maana ndio utakaokuhukumu. Maana yake ni kuwa futi sita za kweli zimekuwa inchi moja mezani. Mtu mzima anakuwa na kimo cha sentimita mbili na nusu. Kila kosa lako nalo, ukilirudisha kwenye ndege halisi, linazidishwa mara 72. Tutalikumbuka hili tukifika kwenye gundi.

Chagua kwa picha

Usisome chochote ubavuni mwa boksi. Tazama picha na fedha itoke.

Kwa Airfix, mchoraji aliyewatesa watu kuliko wote ni Roy Cross. Kuanzia 1964, kwa takriban miaka kumi, alichora picha za maboksi ambazo ndani yake kuna mawingu, moto, ndege inayogeuka kwa ubavu na nyingine inayoanguka nyuma yake. Baadaye, kampuni ilipokwisha kubadilisha mikono, miali na milipuko ilifutwa kwenye baadhi ya picha hizo. Ulikuwa uonevu mtupu. Hakuna mtoto aliyewahi kufungua boksi akatarajia kukuta mlipuko. Alitarajia kukuta ndege, na hata hiyo hakuikuta. Alikuta fremu za plastiki ya kijivu zenye vipande vilivyoning'inia, karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nyingi, na karatasi ndogo ya stika.

Uamuzi wa aina ya jeti ni muhimu, kwa kuwa utaulizwa maisha yako yote. MiG-15 ya Airfix, iliyotoka 1958, ni chaguo la wenye akili ya historia. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliruhusu Urusi ya Kisovieti iuziwe injini za Rolls-Royce Nene. Warusi wakazisoma, wakazinakili, wakaitia nakala hiyo kwenye ndege yao mpya, na muda si mrefu ndege hiyo ikawa inawasumbua marubani wa Marekani katika anga ya Korea. Mtoto wa Kiingereza aliweza kununua aibu hiyo ya taifa na kuiunga mwenyewe baada ya chakula cha mchana.

Gnat nyekundu ya Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha Jeshi la Anga la Uingereza kilichoanza kuonyesha mwaka 1965, ni chaguo la wenye haraka. Ndege halisi yenyewe ilikuwa ndogo, mabawa yake mita saba na kidogo toka ncha hadi ncha; modeli yake inaenea kiganjani. Lightning, jeti ya kivita ya Waingereza, ni chaguo la wenye makuu. Hiyo ilikuwa na injini mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine, na modeli yake ina urefu wa sentimita 23. Kwa asiyejua kitu, nashauri Lightning. Ina nafasi kubwa zaidi ya kukosea.

Kutoa vipande kwenye fremu

Maelekezo yanasema vipande vikatwe kwa kisu kikali au koleo ndogo, kimoja kimoja, pale tu kinapohitajika, kisha kisiki kilichobaki kisuguliwe kwa msasa. Hayo ni maneno ya watu waliokwisha kuzeeka. Wewe vitoe vyote kwa mpigo, kwa kuvisokota kwa vidole. Faida ni tatu: kila kipande kitabaki na jino la plastiki pale kilipochomolewa, namba zilizoandikwa kwenye fremu hazitakuwa na kazi tena, na kipande kimoja kitaruka.

Kipande kinachoruka ni kile kile siku zote. Si bawa. Ni kile kijiti chembamba cha kupimia mwendo wa hewa kinachotokeza puani au kwenye bawa, chenye urefu wa nusu kidole na rangi sawasawa na ya zulia. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika, usiinue mguu. Piga magoti. Weka shavu sakafuni na umulike kwa kurunzi kutoka ubavuni ili kila kitu kitoe kivuli. Utapata kishikizo, sindano, punje ya mchele na senti ya zamani. Kijiti hutakipata. Kitapatikana miaka mingi baadaye siku ya kuhama nyumba, na kwa wakati huo hutakuwa na ndege ya kukichomeka.

Wajuzi wana njia yao: huchukua kipande cha fremu tupu, wakakipasha moto juu ya mshumaa hadi kilainike, wakakivuta pande zote mbili kikawa uzi mwembamba, kikapoa na kuwa antena au kijiti kipya. Njia hii inafanya kazi kabisa. Ndiyo sababu haifai kwa jeti ya kwanza.

Gundi

Hapa ndipo kumbukumbu hutengenezwa, kwa hiyo usiharakishe kupita.

Gundi ya modeli si gundi ya kawaida ya kushikisha. Ni kiyeyushi. Huyeyusha ngozi ya juu ya plastiki pande zote mbili, plastiki ikachanganyika, kiyeyushi kikapeperuka, na vipande viwili vikawa kipande kimoja. Kwa hiyo fundi aliyekomaa huvishikanisha vipande vikiwa vikavu, akagusa mshono kwa ncha ya brashi, na tone moja likajipenyeza lenyewe hadi mwisho. Mkono wake hauigusi gundi.

Wewe tumia tyubu. Kamua mpaka itokeze, na ukiona haitoshi, kamua tena. Itakufuata kwa nyuzi ndefu zinazong'aa, toka kwenye ndege hadi tyubuni, toka tyubuni hadi kwenye mkono wa shati. Bana nusu mbili za kiwiliwili pamoja; gundi itafurika mshononi na kutuna. Ifute kwa kidole. Hapo umeyeyusha na mistari yote midogo ya mabati iliyochongwa ubavuni kwa uangalifu mkubwa na mtu wa kiwandani ambaye hutamjua kamwe. Sasa, kwa kidole hicho hicho, shika kioo cha chumba cha rubani.

Alama hiyo haifutiki kwa kitambaa. Si uchafu uliokaa juu ya kioo. Ni kioo chenyewe kilicholainika na kupokea ngozi yako, kila mstari na kila mzunguko wake, kisha kikakauka. Fanya hesabu tuliyoiweka akiba. Alama yenye upana wa sentimita moja na nusu, kwenye ndege halisi, ni zaidi ya mita moja. Rubani wako ataingia vitani huku ametazamana na kidole cha jitu. Ule ufa wa milimita moja kwenye shina la bawa nao ni sentimita saba na ushei. Fundi wa ndege angeingiza mkono mzima humo na kutoa spana aliyoisahau.

Ipo dawa. Kioo husuguliwa kwa msasa laini kuliko wote, halafu kwa dawa ya meno, halafu huchovywa kwenye king'arishi cha sakafu kile kisicho na rangi, nacho hurudi kung'aa. Watu wazima hufanya hivyo na hujisifu. Lakini hujapata kumsikia mtu akisimulia kwa uchangamfu kioo chake kilichokuwa safi. Iache alama.

Halafu rubani. Maelekezo yanamtaja mwanzoni, kabla ya kiwiliwili kufungwa. Utamkumbuka mwishoni. Ataingizwa kwa kupitia tundu la injini na atabaki humo ndani siku zote, akigongagonga kila ndege inapogeuzwa. Mtu akiuliza ni nini kinachogonga, sema ni injini.

Uzito wa puani

Onyo hili ni la wenye jeti pekee, na ndilo linalowatenga na watu wa Spitfire. Spitfire ina gurudumu dogo mkiani, kwa hiyo hata ukiiunga gizani itakaa jinsi ilivyokusudiwa, pua juu. Jeti nyingi zina gurudumu la mbele, chini ya pua, huku plastiki nyingi ikiwa imelundikana nyuma ya magurudumu makuu. Matokeo yake, ukiiweka mezani, itatafakari kidogo kisha itakaa kitako, pua ikitazama dari.

Ndiyo maana mahali fulani kwenye karatasi ya maelekezo kuna mstari mfupi usemao tia uzito puani kabla ya kufunga. Mstari huo husomwa baada ya kufunga. Wazee hutumia chubwi ya mvuvi, udongo wa kuchezea, vipande vya risasi au njugu za chuma, kila mmoja na imani yake. Asiye na chubwi atainyima ndege magurudumu kabisa na kuibandika kwenye kile kigingi cha plastiki angavu kilichokuja ndani ya boksi, aseme siku zote alitaka iwe angani. Nakushauri uiache ikae kitako. Baada ya miaka arubaini utasema, "Yangu ilikaa kitako," na chumba kizima cha wazee kitapiga meza kwa kicheko, maana za kwao zilikaa kitako vile vile.

Rangi

Rangi ya wakati huo ilikuwa ya mafuta, nyingi zikitoka kwa Humbrol wa mji wa Hull, ndani ya kikopo cha mililita 14 kinachofunguliwa kwa kijiko cha chai, na kijiko hakirudi kwenye chai tena. Rangi iliyotulia chini ya kikopo huhitaji kukorogwa kwa subira hadi mafuta na rangi vikutane. Usikoroge. Paka maji maji ya juu kwanza. Yatateremka ubavuni na kukusanyika chini ya bawa kwa matone. Kisha paka uji wa chini.

Jeti nyingi za miaka ya hamsini zilikuwa za mabati matupu, kwa hiyo utahitaji rangi ya fedha. Hakuna rangi mchongezi kuliko hiyo. Nyeusi husitiri, kijani husamehe. Fedha hupita kila mshono, kila mkwaruzo, kila mlima wa gundi, na kuupigia tarumbeta. Rangi ya mafuta huhitaji saa nyingi kukauka. Subiri dakika kumi, kisha gusa uone kama imekauka. Haijakauka. Sasa una alama mbili za kidole, na huo ni mwanzo mzuri wa mkusanyiko.

Stika za maji

Stika za ndege haziganduliwi, hulowekwa. Unakata ile nyota nyekundu ya MiG pamoja na karatasi yake, unaiweka kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu dakika hivi, unaitoa, unasubiri gundi yake ilegee, kisha unaiteremsha taratibu kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bawa na kuisogeza kwa brashi iliyolowa. Ikikaa sawa, unainyonya maji kwa ncha ya kitambaa. Chini ya stika kukibaki hewa, pataonekana utando mweupe unaometa, na ndege itaonekana imebandikwa karatasi ya peremende.

Ni kazi isiyotaka kusemeshwa, na ndiyo maana husemeshwa.

"Mama watoto, hiyo sahani usiiguse."

"Sahani gani? Hii si niliitoa kwa ajili ya wageni?"

"Kuna nyota inalowa. Nipe dakika moja tu."

"Wageni wako mlangoni, baba watoto. Nikawaandalie nyota?"

Kwa wakati huo nyota imekwisha kuachana na karatasi yake peke yake, inaelea, na moja ya pembe zake imejikunja chini. Ukiikunjua kwa kucha itakatika. Ukiiacha itajiviringisha yote na kuwa uzi. Wako waliounda ndege yenye nyota bawa moja tu na wakashikilia kwa kiapo kwamba kikosi hicho kilikuwepo.

Kuitungika, na mwisho wake

Ndege iliyokamilika hutungikwa darini kwa uzi wa kuvulia samaki, juu ya kitanda, ikiwa inageuka upande wa mlango ili kumshambulia yeyote anayeingia. Itakaa hapo ikikusanya vumbi mpaka uzi uchoke au mdogo wako akue na kupata manati.

Wengi wa wazee hawa wakifika hapa hushusha sauti na kukueleza kilichotokea tarehe 5 Novemba, usiku ambao Uingereza nzima huwasha mioto na fataki kumkumbuka Guy Fawkes. Jeti ya kwanza, ikiwa imepitwa na jeti ya tatu na ya nne, ilitiwa fataki tumboni ikapelekwa uwanjani. Hapa mwongozo huu unaacha mzaha kwa sentensi mbili. Plastiki hii ikiwaka hutoa moshi mweusi wenye masizi na matone ya moto yanayonata kwenye ngozi, na fataki iliyofungiwa ndani ya plastiki hutawanya vipande vyenye makali. Usimwigize mzee, msikilize tu, kisha tazama kama vidole vyake vyote vipo.

Onyo kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Unaweza kudhani umesalimika. Jeti za kivita za Waingereza na Warusi hazikuwa utoto wako, Woolworths hukuijua, na shilingi yako ilikuwa na kazi nyingine. Unafunga mwongozo kwa amani.

Subiri. Shirika la East African Airways, lile la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, lilianza kurusha Super VC10 mwaka 1966, na likazirusha hadi lilipovunjika mwaka 1977. Airfix walikwisha kuitoa Super VC10 kwa uwiano wa 1 kwa 144, na stika zenye rangi za East African Airways nazo zimewahi kutengenezwa. Shirika lilikuwa na tano. Moja ilipotea katika ajali ya Addis Ababa mwaka 1972. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza na kugeuzwa kuwa ndege za kuwajazia mafuta wenzao angani. Mojawapo, VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, iliyosajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MOG, iliishia kuhifadhiwa katika uwanja wa ndege wa Dunsfold, Surrey.

Umeona? Ulikuja kuwacheka wengine, sasa unatafuta boksi. Na ukilipata, kumbuka kuwa VC10 ina injini zake zote nne mkiani. Modeli yake ina urefu wa sentimita 36. Nunua chubwi nyingi.

Ugonjwa wa kurudia

Hatari kubwa kuliko zote humfika mtu baada ya miaka hamsini. Ana nafasi, ana miwani, ana fedha kidogo. Anapita dukani na kuiona: ile ile, boksi lile lile, picha ile ile. Hakuota. Kampuni huanguka lakini kalibu zake za chuma hubaki. Airfix ilianguka mwaka 1981 ikachukuliwa na Palitoy. 1986 ikaenda kwa Humbrol. 2006 Humbrol nayo ikaanguka na zote mbili zikanunuliwa na Hornby. Kalibu zikahamishwa toka mkono hadi mkono kama sufuria za urithi, na leo Airfix wana safu nzima iitwayo Vintage Classics, inayowauzia wazee vipande vya zamani ndani ya picha za zamani, pamoja na ule utando mwembamba wa plastiki unaojitokeza pembeni mwa vipande.

Mzee analinunua. Safari hii anakata kwa koleo, anasugua kwa msasa, anatia chubwi, rubani anamweka kitini, rangi anaisubiri siku nzima. Stika anailainisha kwa dawa yake maalumu mpaka inalala ndani ya kila mfereji. Kioo hakina alama. Anaiweka mezani, inasimama kwa magurudumu matatu, na anaitazama kwa muda mrefu akitafuta kilichopungua.

Hakikupungua kitu. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka minane alikuwa akiona ndege, na mwenye miaka hamsini na minane anaona mshono. Mtoto hakujua kuwa bawa limepinda. Aliishika mkononi, akakimbia nayo ngazi zote, na kwa kipimo chochote cha haki ilikuwa imeruka. Ujuzi ulipoingia ulimpa mengi, lakini ulimchukulia hilo, na hakuna duka linalomrudishia. Kwa hiyo ananunua boksi jingine. Halafu jingine. Siku moja mkewe anafungua kabati la shuka na kukuta jeshi la anga la nchi tatu, lote bado limo katika karatasi zake.

Watu hawa hukusanyika kila Novemba huko Telford, katika maonyesho ya chama chao cha IPMS kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1963. Utawaona wameinama mbele ya meza, miwani juu ya paji la uso, wakitazama kazi za ajabu kwelikweli: kutu iliyochorwa kwa brashi ya unywele mmoja, mikanda ya kiti cha rubani myembamba kuliko ukucha. Wanasifu kwa sauti ya chini. Kisha mmoja anasema, "Yangu ya kwanza ilikuwa Lightning," na sauti zinapanda, mikono inaruka, na meza ya washindi inabaki bila mtazamaji.

Ukijikuta kati yao, kanuni ni chache. Usiseme vitu vya kuchezea. Usiulize kwa nini hakusoma maelekezo. Usitaje ya kwako hadi ya kwake itue. Na usimwulize iko wapi sasa, labda uwe huna basi la kuwahi.

Kwa mzazi

Umebaki wewe, uliyenunua boksi kwa ajili ya mtoto na kusoma hadi hapa ukitafuta ushauri wa kweli. Huu hapa. Tandaza gazeti. Fungua dirisha, maana harufu ya gundi na rangi si ya kuvuta. Kama mtoto hajafikia umri wa kushika kisu, mkatie vipande wewe. Baada ya hapo toka chumbani, na hili ndilo gumu, kwa sababu mikono itakuwasha. Baba wengi walikaa "kusaidia kidogo," na watoto wao leo husimulia jeti ya baba.

Atakuja nayo jioni kabla haijakauka. Bawa moja litakuwa limeinuka, pua itakuwa inatazama dari, rubani atakuwa anagonga tumboni, na kidole chake kitakuwa kimepigwa muhuri katikati ya kioo. Usishike msasa. Usianze sentensi yoyote kwa neno "ungelikuwa." Mwulize inakwenda kasi gani. Lightning ya kweli ilifikia mara mbili ya kasi ya sauti. Ya kwake itakuwa imeizidi hiyo kwa mbali, na wewe huna kipimo cha kumkatalia.